Posti ya Mwakio na Ekiru

Juzi nilikuwa nimeketi kwa fundi viatu mjini Machakos nikingoja kisigino kigongwe, na mwenzake akafungua mkebe wa rangi nyeusi akaanza kung'arisha buti za mlinzi wa benki. Harufu ile ilinipanda puani mpaka macho yakaniwasha. Fundi aliniuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo, maana ningemwelezaje kwamba wakati ule nilikuwa tena na umri wa miaka tisa, nimekalia debe la samli lililogeuzwa kichwa chini katika chumba kimoja huko Manfuha, Riyadh, na wanaume kumi na watatu walikuwa wamenizunguka wakisugua buti ambazo hakuna mkubwa yeyote aliyekuwa anakuja kuzikagua?

Tulikaa Riyadh miaka minne. Baba alikuwa msimamizi wa walinzi katika kampuni moja, na kafili wake, Msaudi aliyemdhamini, alikuwa mtu mwelewa, akamruhusu kutuleta mimi na Mama. Mama alipata kazi ya uuguzi hospitalini. Tuliishi Al-Murabba, vyumba viwili vyenye dirisha lililotazama ukuta wa jirani, na mimi nikasoma katika shule iliyojaa watoto wa kila taifa, ambako nilijifunza kuandika mwandiko wa kupendeza kwa sababu mwalimu wetu alikuwa anatuchapa vidole kwa rula. Mwandiko huo ndio ulioniingiza katika mambo haya yote.

Kabla ya Saudia, Baba alikuwa sajenti katika jeshi la Kenya. Riyadh alikuta wenzake wengi waliotoka jeshini, sasa wakilinda maghala na shule, wakiendesha magari ya watu, wengine wakibeba mizigo sokoni Batha. Kila Ijumaa asubuhi walikutana katika chumba cha ghorofa ya tatu, kwenye nyumba kuukuu ya Manfuha ambayo ukuta wake ulikuwa unamomonyoka ukiuegemea. Walikiita chumba hicho posti. Jina lake kamili, Posti ya Mwakio na Ekiru, lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu upande wa ndani wa mlango, kwa kuwa nje hapakufaa kuandika kitu. Humo walinywa chai ya maziwa, wakapika ugali wa unga uliosafiri katika masanduku ya nguo, wakang'arisha buti, kisha Mzee Barasa, mkubwa wao kwa umri na kwa cheo alichokuwa nacho jeshini, akasimama na kusema kwamba tunawakumbuka wenzetu wawili, Koplo Mwakio na Praiveti Ekiru, walioanguka. Wote wakanyamaza kwa dakika moja. Kisha chai ikaendelea.

Walioanguka. Neno hilo lilinisumbua kuliko mtu yeyote pale alivyojua. Ngazi za nyumba ile hazikuwa na vyuma vya kushikilia, na kati ya ghorofa ya pili na ya tatu palikuwa na shimo la upande mmoja, ukitazama chini unaona paka na matairi. Nikaamini kwamba Mwakio na Ekiru walianguka pale. Nilijua kabisa ni ngazi ya ngapi. Nilikuwa napanda nimebana mgongo ukutani, na wakati wa kushuka ninakaa kitako na kuteleza ngazi moja moja mpaka nguo zangu za Ijumaa zikatoboka nyuma, na Mama akashangaa ni mchezo gani huo tunaocheza huko. Kitu nisichokielewa ni kwa nini watu wazima wenye akili, baada ya wenzao wawili kuanguka, hawakuziba shimo lile.

Mzee Barasa ndiye aliyetaka historia ya posti iandikwe vizuri ibandikwe ukutani. Wanaume wale mikono yao ilikuwa mizito, na mimi mwandiko wangu ulikuwa umeshasifiwa, basi nikapewa karatasi kubwa, kalamu ya wino na debe la kukalia. Kuanzia siku hiyo hawakuniita Mwende tena, waliniita Karani. Mzee Barasa alikuwa anasema, mimi naandika. Tulipofika kwa wenyewe wenye jina, akasema, "Walianguka wakipigana na adui ng'ambo ya mpaka, mpaka risasi ya mwisho."

Nikanyanyua kalamu. Nikauliza walianguka kutoka wapi, maana nilitaka niandike na ghorofa.

Walicheka sana, kicheko kizuri tu, na Mzee Barasa akanieleza kwamba askari akifa vitani husemwa ameanguka, si lazima awe amepanda mahali. Niliona aibu na raha kwa pamoja, kwa kuwa fumbo la ngazi zile lilikuwa limefunguka. Lakini mtu mmoja hakucheka. Baba, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa posti, alikuwa ameinamia buti yake, anasugua pua ya buti ile ile iliyokwisha kung'aa, na aliendelea kuisugua mpaka ukurasa ukaisha. Nilijua kwamba alikuwa pamoja na wale wawili siku walipokufa, kila mtu pale alijua. Nikasema moyoni kwamba ni huzuni. Nilikuwa bado mtoto wa kudhani kwamba mtu mzima akinyamaza ni huzuni.

Miezi haikupita mingi, Mama akarudi kutoka kazini na habari. Wodini kwake alikuwa amelazwa bibi mmoja wa Kisaudi kutoka Al-Naseem, na aliyekuwa akimtunza kitandani mchana kutwa ni mfanyakazi wa nyumbani kwao, Mkenya, Mtaita, aitwaye Mghoi. Walikuwa wameongea siku tatu kabla Mghoi hajataja kwamba ni mjane wa askari. Mama akamuuliza mume wake alikuwa nani. Alipotajiwa jina Mwakio, Mama akamwambia jina hilo liko kwenye mlango, na kwamba kuna watu hapa mjini wanamnyamazia dakika moja kila Ijumaa.

Mama alitusimulia haya akiwa bado hajavua viatu, uso umemchangamka. Baba aliuliza swali moja tu, kama huyo shemeji anakaa Riyadh kwa muda mrefu. Mama akasema mkataba wake umebakisha miezi mitatu, na kwamba amekwisha kumwomba madam wa Mghoi ruhusa ya Ijumaa inayofuata. Madam alikubali kwa sababu mama yake alikuwa amepona na Mama alikuwa amemhudumia vizuri. Baba akasema vema. Akaenda kuoga, na maji yalitiririka muda mrefu sana kwa mtu aliyekuwa ameshaoga.

Anti Mghoi alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi, mwenye kutembea kama mtu anayehesabu hatua zake. Aliingia posti akiwa bado amevaa abaya, akaugeukia mlango uliofungwa nyuma yake na kulisoma jina la mume wake. Wanaume wote walikuwa wima. Mzee Barasa akamkaribisha kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti pekee chenye mto, kisha akanigeukia na kusema, "Karani, msomee mama."

Nilisoma kwa sauti niliyofundishwa shuleni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipofika kwenye risasi ya mwisho nilipunguza mwendo ili ipate uzito.

Anti Mghoi alingoja nimalize, akanishukuru na kunisifu kwa mwandiko. Halafu akasema, bila kumtazama yeyote, "Asubuhi ile Mwakio aliniandikia kwenye simu. Aliniambia, leo twaenda kuchota maji. Sanduku lake waliniletea baada ya mazishi. Buti zilikuwa zimejaa tope ndani, tope la mtoni, limekauka mpaka ilibidi nilivunje kwa kisu. Barua ya jeshi yasema alifariki akiwa kazini. Haisemi vita. Nyinyi hii risasi mmeitoa wapi?"

Mzee Barasa alisema hivi na hivi, kwamba vita vina mambo mengi, kwamba maji pia huchotwa vitani. Lakini nilimwona anamtazama Baba, na wengine wakamtazama Baba, na Baba akasema, "Shemeji, nitakueleza siku nyingine."

"Nimengoja miaka minne siku nyingine," alisema Anti Mghoi. "Nina mtoto nyumbani, ana umri wa huyu. Kila akinuniwa na wenzake huja kuniuliza babake alikufaje, na mimi sina la kumwambia. Sitoki Saudia bila jibu. Kama hapa hamna, niambieni liko wapi."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alikunywa chai yake yote, akakisuuza kikombe mwenyewe, na Mama akamrudisha Al-Naseem kabla ya saa aliyoahidi.

Jioni ile nyumbani kwetu hapakuwa na ugomvi, na ndiyo sababu niliogopa. Mama alikuwa anakunja nguo kitandani. Alimuuliza Baba kama kuna mtu mwingine aliyekuwepo. Baba akasema yupo dereva wao, Guyo, mtu wa Marsabit. Mama akauliza yuko wapi. Baba akasema yuko Jedda. Kumbe Baba alijua siku zote. Guyo alikuwa amekuja Saudia mwaka mmoja baada yetu, akaitwa posti, akaja Ijumaa moja, akasikia risasi ya mwisho ikitajwa, hakurudi tena.

Mama akasema likizo ya shule inaanza wiki ijayo na Baba anazo siku zake za mapumziko. Akasema na mimi nitaenda. Baba akapinga kwamba safari ni ndefu kwa mtoto. "Mghoi aliniomba njiani nilipomrudisha," alisema Mama. "Anataka aliyeandika ya kwanza akaandike na ya pili. Anasema wewe utamletea maneno uliyoyapiga pasi."

Tuliondoka alfajiri, gari la kuazima kwa rafiki yake Baba, mimi na daftari jipya mapajani. Nakumbuka ngamia nyuma ya seng'enge, vituo vya mafuta vinavyofanana kama ndugu, chai ya moto katika vikombe vya karatasi, na mchanga uliokuwa unavuka barabara taratibu kama moshi. Nakumbuka tulipofika kwenye vibao vinavyowaelekeza wasio Waislamu wapite mbali na Makka, Baba alipunguza mwendo akasoma kila kibao mara mbili, yeye aliyeijua barabara ile. Alikuwa anatafuta kupotea, sasa naelewa. Nilikuwa nimejaza ukurasa mzima wa maswali, na nilipomsomea la kwanza akasema niyahifadhi, tutayauliza tukifika.

Jedda ilitupokea kwa joto lenye unyevu, nguo zikagandamana na migongo. Tulilala kwa Wakenya aliowajua Baba, na asubuhi tukaenda kusini mwa mji, mahali malori ya maji yanapopanga foleni kujazwa kabla ya kwenda kuuza majumbani. Lami yote ilikuwa imelowa. Mabomba mazito yalikuwa yananing'inia juu, maji yakimwagika kwa kishindo ndani ya matangi, na madereva walipiga kelele za yalla, yalla kila lori moja lilipochelewa kutoka. Katikati ya mambo hayo nilimwona mtu mrefu, mwembamba, ndevu zimeanza mvi, ameshuka kutoka kwenye lori la bluu na kusimama anatutazama.

Baba alimpa mkono. Guyo aliutazama kwanza, kisha akaupokea. Alitupeleka kwenye kibanda kidogo cha chai kando ya foleni, akaniagizia maziwa ya moto, akauliza huyu ni nani. Baba akasema ni binti yake na ndiye karani.

"Basi andika, karani," alisema Guyo. "Mimi nitasema mara moja tu."

Akasema. Kambi yao ilikuwa imeishiwa maji, wakatumwa watu wanne na lori la tangi kwenda kisimani: Sajenti Nyamai, ambaye ni Baba, Koplo Mwakio, Praiveti Ekiru, na yeye Guyo kwenye usukani. Adui hakuonekana siku ile wala jana yake. Walijaza tangi wakarudi. Njiani walikuta laga, mto mkavu waliouvuka asubuhi kwa tairi zenye vumbi, sasa una maji, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani. Maji yalikuwa bado ya magotini. Guyo alizaliwa katika nchi ya malaga. Alisimamisha lori.

Hapo akamtazama Baba usoni. "Sajenti, nilikwambia maji yanapanda."

"Uliniambia," alisema Baba.

"Nilikwambia tungoje, kufikia asubuhi yatakuwa yamekwisha."

"Uliniambia, Guyo. Na mimi nikakwambia vuka."

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo. Kalamu yangu ilisimama, nikamtazama Baba ili nione kama ni mzaha. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, imefunguka, kama mtu anayekaguliwa kucha. Alisema kwamba kwenye redio walikuwa wameambiwa warudi kabla ya jua kuzama, na kwamba wiki moja kabla ya hapo mkubwa wake alikuwa amemkemea mbele ya vijana kwa kuchelewa. Alisema hakuna sababu nyingine. Alitaka tu asikemewe tena.

Guyo akaendelea. Lori lilizimika katikati. Maji yalipanda mpaka kwenye milango wakiwa bado wanajaribu kuliwasha. Yeye, Baba na Mwakio waliruka, wakashikana mikono, wakafika ukingoni. Ekiru alikuwa amepanda juu ya tangi na hakuweza kushuka. Alikuwa hajui kuogelea na alikuwa na umri wa miaka ishirini. Mwakio, ambaye alikuwa amefanya kazi Mombasa kabla ya jeshi na kujifunza kuogelea huko, alivua mkanda wake, akaukunja mkononi, akarudi majini. Baba alimwita arudi. Mwakio alimfikia Ekiru. Walimwona amemfunga mkanda kifundoni mwa mkono, upande wa pili ameufunga mkononi mwake, wakaanza kuteremka kwenye tangi. Ndipo lori lilipoviringika. Waliokotwa kesho yake mbali sana, bado wamefungwa pamoja.

Guyo alimalizia kwa kusema kwamba Ekiru alikuwa kijana mcheshi, mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake, aliyetaka akimaliza jeshi afungue duka la vipuri vya pikipiki Lodwar. Akanitazama mpaka nikaandika na hilo. Kisha akalisoma daftari langu lote polepole, akatia sahihi kila ukurasa, na mlio wa honi ukamwita, foleni ilikuwa imefika kwake. Kabla ya kuondoka alimwambia Baba kwamba hakuikimbia posti kwa sababu ya amri. Amri askari yeyote anaweza kuikosea. "Niliikimbia ile risasi," alisema. "Mwakio alikuwa na mkanda. Mkamnyang'anya mkanda mkampa bunduki."

Safari ya kurudi Baba alizungumza zaidi ya nilivyowahi kumsikia akizungumza. Aliniambia kwamba mwaka wa kwanza, posti ilipotaka jina, waliuliza nani amepoteza wenzake, naye akataja Mwakio na Ekiru, akasema walianguka. Neno hilo moja tu. Mtu akauliza vitani? Akaitikia kwa kichwa. Mwaka uliofuata mwingine akaongeza adui, mwingine risasi, na kila mara yeye alikuwa na nafasi ya kusema hapana na hakuisema. Nikamuuliza kwa nini. Alisema ukikubali kwamba walikufa vitani, basi aliyewaua ni adui.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimkasirikia kwa kilomita mia nzima, nikageuka dirishani, na nilipoamka kutoka usingizini nilikuta amenifunika koti lake. Sikulitupa.

Ijumaa iliyofuata Anti Mghoi aliletwa tena. Baba hakungoja Mzee Barasa afungue mkutano. Alisimama katikati ya chumba na kusema yote, kwa utaratibu, mpaka kwenye mkanda, mpaka kwenye redio. Alisema amri ilikuwa yake. Alisema kwamba ukatibu wa posti anauacha, na kama wakitaka asije tena, atafuata watakavyosema. Anti Mghoi alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipotajwa kwamba Mwakio alikuwa ameshafika ukingoni, salama, kabla ya kurudi, alishika pindo la abaya yake kwa mikono miwili, akalikamata hivyo mpaka mwisho.

Kelele zilianza baadaye. Watu watatu walichukua buti zao wakatoka, na wawili kati yao hatukuwaona tena posti. Mmoja alisema hawezi kukaa chumba kimoja na mtu aliyewazamisha wenzake. Mzee Barasa naye alikuwa na lake. Alisema kwa upole kwamba yaliyopita yamepita, kwamba historia ya kwanza imebandikwa tayari na ni nzuri, vijana wanaipenda, na kwamba posti ya askari kupewa jina la watu waliokufa maji, watu wengine watatucheka. Adui yuko wapi hapo, aliuliza. Mto si adui.

Anti Mghoi alisimama. "Mzee wangu, sikuja kuwaondolea shujaa," alisema. "Mume wangu alikuwa nchi kavu. Akarudi majini akijua. Na akajifunga na yule kijana ili asipate nafasi ya kumwachilia. Wewe umepigana vita vingi, nakuheshimu. Niambie, umewahi kurudi hivyo wapi?"

Mzee Barasa alikuwa mtu wa majivuno, lakini hakuwa mtu mbaya. Aliuendea ukuta, akaanza kubandua historia ya kwanza pembe moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, asiichane, akaikunja na kuitia mfukoni. Akanivutia debe lililo karibu na dirisha. "Njoo, Karani," alisema. "Karatasi nyingine ipo."

Safari hii aliyesema ni Anti Mghoi, na mimi nikaandika. Alitaka Ekiru atangulie kutajwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo na hakuwa na mke wala mtoto wa kumuulizia. Alitaka duka la vipuri liwemo. Alitaka maji yaitwe maji. Kila sentensi alinirudisha nimsomee, na palipokuwa na neno la kupamba akaliondoa. Muda wake ulikuwa unakwisha, Mama alikuwa anatazama saa mlangoni, lakini Anti Mghoi hakuharakisha neno hata moja.

Tulipofika ukingoni mwa laga, aliweka kidole kwenye karatasi. Kisha akasema, "Sasa andika nani aliyetoa amri ya kuvuka."

Niliandika, Amri ya kuvuka ilitolewa na, na mkono wangu ukakataa kwenda mbele. Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri. Nilitamani Anti Mghoi aseme basi, halas, inatosha hapo. Hakusema. Alikuwa ameinama karibu nami, nikisikia pumzi zake, mvumilivu kama mtu aliyekwisha kungoja makubwa kuliko hayo.

"Andika, Mwende," alisema Baba. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Jina unalijua."

Nikaandika Sajenti Nyamai. Lilionekana peke yake sana pale kwenye karatasi nyeupe, katikati ya wafu wawili na mto. Bila kuulizwa na mtu nikaweka mkato, nikaongeza maneno mawili, baba yangu.

Mzee Barasa aliyaona juu ya bega langu. Akasema historia haiandikwi hivyo, niyafute. Nilikuwa nimeshainua kalamu kuyakata, Anti Mghoi akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Usifute," alisema. "Ekiru ana Guyo wa kumsemea. Mwakio ana mimi. Huyu naye awe na mtoto wake."

Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akatia sahihi yake chini, na kuupuliza wino ukauke.